Lugha Tusizozitumia

Sauti iliyokuwa ikimsomea baba niliifuta mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nikijiona mjanja.

Ilikuwa Manyoni, miaka ile nchi ilipofungua soko na kila kitu kikaja mtumba, hadi kompyuta. Ya kwangu ilitoka Ulaya. Niliiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikafungua duka la kuchapa: mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Wasichana wachache niliwafundisha kuchapa humohumo.

Baba alikuwa karani wa stesheni hadi reli ilipopunguza watu. Baadaye macho yakamwisha, lakini vidole havikusahau taipu. Mmisionari mmoja mgeni aliiwekea kompyuta yangu, kutoka kwenye diski yake, programu yenye sauti za kumsomea mtu alichoandika, akamchagulia baba moja, kisha akarudi kwao. Kila mchana, wateja wakienda kula, baba alivaa hedifoni akachapa. Sikuuliza anachapa nini. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliyethubutu kumuuliza maswali alikuwa mama tu, naye tulishamzika.

Siku moja alinivika hedifoni nisikie. Sauti ya mwanamke ilisoma Kiswahili vizuri ajabu, ila herufi H ilimshinda. "Abari za nyumbani," ikasema. Baba akacheka.

"Huyu ni Mzungu, lakini anasoma kama ilivyoandikwa."

Kisha diski ya ndani ikajaa. Kompyuta ikawa inatambaa, wateja wakanuna. Nikafungua orodha ya programu, nikakuta lugha za watu: Kifini, Kiitaliano, Kihispania, Kidachi, kila moja na sauti yake. Nani Manyoni anaongea Kihispania? Nikazifuta zote nikabakiza Kiingereza, maana kichwani mwangu Mzungu na Kiingereza vilikuwa kitu kimoja.

Mchana baba akavaa hedifoni. Akasikiliza, akazivua taratibu.

"Umemfukuza yule?"

"Baba, nimefuta lugha tusizozitumia."

"Mimi nilikuwa naitumia."

Kumbe sauti ile ilikuwa ya Kihispania, na Kihispania husoma herufi karibu kama sisi. Kile Kiingereza nilichombakizia kilimtafunia maneno yake hadi hayakueleweka. Fundi wa Singida mjini akasema bila diski ya programu hakuna la kufanya, na diski alikuwa ameondoka nayo mmisionari. Nikamwambia baba nitamsomea mimi. "Haya si ya kusomwa na wewe," akajibu. Akaendelea kuchapa bila kusikia anachoandika. Sikuhangaika zaidi, nilikuwa na kadi za harusi za kumaliza, na hilo linaniuma kuliko kule kufuta kwenyewe.

Kabla ya mvua za kwanza presha ilimwangusha. Hakuamka.

Dada yangu alikuja msibani amejitanda ushungi. Baba alimfukuza nyumbani alipobadili dini ili aolewe Kintinku, stesheni chache tu kutoka kwetu, na tangu hapo hawakusemeshana. Aliniuliza tukiwa jikoni, "Alisema neno lolote juu yangu?" Nikasema hapana, maana ndivyo nilivyojua.

Wiki kadhaa baadaye, nikipunguza tena mafaili, nikakuta la baba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua: "Mwanangu uliye Kintinku, habari za nyumbani." Salamu, ukame, bei ya alizeti, hakuna zaidi. Ukurasa wa pili ulikuwa takataka tupu: mods,rjr, mods,rjr. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kufuta nilipowakumbuka wasichana wangu wa kuchapa na makosa yao. Ukiviweka vidole vyote hatua moja kulia bila kuangalia, takataka kama hizo ndizo zinazotoka. Kwenye kibodi ile ya mtumba vinundu vya kuonyesha mahali pa vidole vilikuwa vimesagika, na sauti ya kumwambia amekosea haikuwepo tena. Nikarudisha kila herufi hatua moja kushoto.

Nisamehe, nisamehe. Nilikosa mimi, si wewe. Njoo na watoto niwashike nyuso.

Nililia mlango ukiwa wazi, mteja ananitazama. Kisha nikaichapa upya ikiwa safi, nikachukua na ile ya takataka, nikapanda treni kwenda Kintinku.

Dada aliipokea shikamoo yangu, akasoma ukurasa wa kwanza. Wa pili akausoma mara mbili.

"Hii umeiandika wewe, mdogo wangu."

Nikamwonyesha karatasi ya takataka. Nikaeleza habari ya vidole, ya sauti, ya Kihispania. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo.

"Baba hakuwahi kumwomba mtu radhi," akasema. "Asante kwa kunionea huruma."

Akazikunja karatasi zote vizuri, akanirudishia, akaenda kunipikia chai.