Ng'ombe Wangu Katika Ngitili ya Jirani

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja kule Migato, nilipokuwa kijana mwenye ng'ombe wengi na cheti cha kidato cha nne, nikidhani hakuna jambo la dunia lililonipita.

Majirani zetu, Masunga na mdogo wake Jilala, walikuwa wamefiwa na baba. Mzee aliwaachia ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika ili mifugo ipate nyasi zikiisha kwingine. Wakagombana nani aanze kulisha, hadi Masunga akampiga mdogo wake kwa fimbo. Jilala akaja kwangu damu ikimtoka sikioni.

"Kaka, nisaidie. Yule ataniua."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi niliiona methali ya waoga. Nikakusanya vijana wenzangu, tukamfukuza Masunga kwenye ngitili. Kisha, ili kulinda amani, nikaingiza humo ng'ombe wangu. Kwa muda tu, nilijiambia. Nakiri kwamba malisho yangu yalikuwa yamebaki vumbi.

Wiki ya tatu akaja Bibi Kabula, mama wa wale ndugu. Aliwatazama ng'ombe wangu kwa utulivu.

"Wamenenepa, baba."

"Asante, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Ulikuja kumsaidia mwanangu yupi?"

"Jilala. Alipigwa."

"Na ng'ombe wa Jilala wako wapi?"

Walikuwa nje, maana nyasi hazikututosha sote.

"Aliyekuja kuzima moto," akasema, "haondoki na chungu changu."

Niliona haya, lakini sikuwatoa ng'ombe wangu. Nilingoja nyasi ziishe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jilala alihamia Katavi na mifugo iliyomsalia; mama yake alizikwa yeye hayupo. Je, wale ndugu wangepatana? Sijui. Mimi ndiye niliyewanyima nafasi ya kujaribu.

Juzi hapa Bariadi, kwa kinyozi, vijana walikuwa wakitazama habari kwenye simu. Taifa kubwa limepeleka majeshi katika nchi ndogo, eti kuwaokoa wananchi na serikali yao. Mmoja akasema safi sana, dikteta aondoke. Nikamuuliza chini ya ardhi ya nchi ile kuna nini.

"Mzee nawe, kila kitu unakishuku," akanicheka.

Ni kweli, nashuku. Nilishawahi kuwa lile taifa kubwa.

Sikwambii, mwanangu, ufumbe macho jirani akiumizwa. Jilala alipigwa kweli. Ningemfungulia mlango alale kwangu, nikawaita mama yake na wazee wa ukoo, ningekuwa nimesaidia. Mpe hifadhi anayekimbia. Keti kati ya wagombanao kama wote wamekuita. Lakini anayevuka mpaka na silaha akitaja huruma, usimpigie makofi kabla hujaona anakula wapi na ataondoka lini. Mkono mtupu haulambwi, na mataifa hayana ulimi mwepesi wa kulamba bure. Zamu ikikufikia wewe, au nchi yako, anza kujishuku mwenyewe, maana mwenye njaa hujidanganya upesi.

Mungu akupe nguvu ya kusaidia na haya ya kuondoka mapema. Wanao wagombane na wapatane wenyewe, na uzeeni usikose wa kukuzika.