Mbao Zilizotangulia Arusi

Mbao ndizo zilizofika kwetu kwanza. Bwana arusi akabaki Kabambare. Karatasi yake ya kuhamia Kasongo ilikuwa juu ya meza ya bwana wa teritwari, mkuu wa wilaya, Mbelgiji aliyepiga mhuri siku aliyojisikia tu, na bila mhuri hakuna aliyehama. Mbao hazikuhitaji mhuri. Zikapakiwa kwenye lori la pamba, mbao kumi na mbili za mninga, pamoja na barua kwa baba.

Baba alikuwa ameweka sharti: fundi anayemuoa binti yake atengeneze kitanda kwa mikono yake, kiwe chumbani kabla ya arusi. Na arusi iwe kabla ya Ramadhani, la sivyo tungoje mpaka Idi ipite. Zilikuwa zimebaki wiki nane. Mimi, binti mwenyewe, kijana huyo nilikuwa nimemwona mara mbili, na mara zote mbili nilijifanya simwoni. Jamani, nilimtaka! Lakini enzi zile msichana wa Kasongo akisema anamtaka mtu, angesemwa mpaka Nyangwe.

Baba aliisoma barua kwa sauti. Mbao hizi, aliandika fundi, zimekaukia huku juu kwenye nyasi na upepo. Kwenu karibu na Lualaba hewa ina maji, zitanenepa. Nikiziunga sasa, viungo vitabanana vipasuke. Basi zilazwe katika chumba kilekile kitakamokaa kitanda, juu ya matofali, mbali na ukuta, na vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Zigeuzwe kila siku tatu. Na kila Ijumaa upimwe upana wa ule ubao mkubwa kwa uzi, uzi ukatwe, dereva wa lori aniletee. Siku nyuzi za Ijumaa mbili zitakapolingana, mbao zitakuwa zimezoea hewa ya kwenu. Hapo nitakuja.

"Huyu anaoa mbao ao anaoa mutoto wetu?" bibi, mama yake baba, akauliza.

Chumba kilikuwa changu, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikahamia kwa bibi, mbao zikalala kwangu kama wakubwa. Kila asubuhi bibi alichungulia mlangoni: "Bwana arusi ameamka salama?" Kuku wake akataga mayai sita chini ya rundo, na bibi akakataza mtu yeyote kumfukuza. Mimi nilizigeuza mbao huku nikizitukana. "Geuka, mnene wewe! Umekula nini?" Lakini harufu yake niliipenda, na mara nyingine nilibaki mle ndani bila kazi yoyote.

Ijumaa ya kwanza ubao ulikuwa umeongezeka upana wa punje ya mchele. Ya pili, tena. Ya tatu, tena. Ya nne nikaupiga teke, nikaumia kidole, nikachechemea siku mbili nikidai nimejikwaa. Wiki ya tano habari ikaja kwamba mhuri umepigwa. Nilifurahi mpaka nikamwaga mchuzi. Kumbe fundi yuko Kabambare amekaa tu, anangoja nyuzi zilingane! Hapo hasira ikanipanda kichwani kabisa. Ijumaa ile nilikata nyuzi mbili kwa kipimo kimoja. Mmoja nikampa dereva siku hiyohiyo, wa pili nikauficha, nikampa Ijumaa iliyofuata.

Siku nne baadaye fundi alishuka na sanduku lake la vifaa. Hakunywa hata maji. Aliingia chumbani pamoja na baba na bibi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, naona kila kitu. Akautoa uzi wangu mfukoni, akautandaza juu ya ubao. Haukufika ukingoni. Akautandaza tena. Kisha akainua macho, akatazama pazia, akatazama kwa muda mrefu. Nikajua amejua.

"Iko tayari?" baba akauliza.

Nilimwomba Mungu kijana aseme ndiyo. Akautia uzi mfukoni.

"Bado, baba," akasema. "Zingali zinanenepa. Kosa ni langu. Nilishindwa kungoja, nikaja kabla ya wakati. Mukikubali, mbao ndizo zingoje. Mimi siwezi tena."

Baba alimkazia macho kijana huyo aliyetuhangaisha wiki saba kwa ajili ya punje za mchele. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama," akamwita bibi, "mukeka iko? Kitanda itakuja nyuma."

Bibi alijibu kwa kigelegele, kuku akatoka mbio chini ya rundo. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha, moshi ukasingiziwa.

Ijumaa ile tukaoana. Ramadhani nzima tulilala chini, mbao zetu kando, na sijapata kulala vizuri namna ile tena.