Maji ya Udhu na Asmini ya Mama

Nikisikia mtu anasema asmini ni ua la mapenzi, natamani kumwuliza kama amewahi kuimwagilia. Asmini ya kwetu, mtaa wa Buyenzi, ilikunywa maji ya miguu ya wanaume, kila siku ya Mungu, na hasira niliyoipata juu yake haijapoa hata leo nina wajukuu.

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi. Wazungu wengi walikuwa wameondoka na kuacha magari nyuma, mengine mazima, mengine maiti, na baba yangu alikuwa fundi anayeweza kufufua maiti. Alifungua gereji uani kwetu. Hatukuwa na bomba, kwa hiyo kila asubuhi mafundi wake walikokota mapipa kwa mkokoteni hadi kwenye robine ya mtaa, wakayajaza, wakayapanga chini ya ukuta. Maji yale yalikuwa ya kuoshea vyuma na ya kutawadhia, maana baba hakuruhusu mtu aende msikitini na mikono ya grisi.

Mama ndiye aliyeona maji ya udhu yanapotea bure. Alitafuta jiwe bapa, akaliweka penye kona ya ua, akachimba kimfereji chembamba kutoka kwenye jiwe hadi kwenye maua yake. Kisha akatoa sheria. Mafuta ya gari huoshwa kwanza kule mlangoni, kwa sabuni na mchanga. Ukishakuwa safi ndipo unakuja kutawadha juu ya jiwe. Fundi aliyesahau alirudishwa mlangoni mbele ya wenzake, hata akiwa na ndevu. Baba alicheka na kusema mke wake ana msikiti wake peke yake, lakini na yeye alifuata sheria.

Basi mwezi wa nane na wa tisa, Buyenzi nzima ikiwa vumbi tupu na milima ya Uvira imepotea kabisa ng'ambo ya ziwa, kona yetu ilikuwa inachanua. Kulikuwa na zinia nyekundu na za rangi ya chungwa, kulikuwa na rehani, na waridi moja lenye kiburi lililotoa ua pale lilipojisikia. Na juu ya vyote kulikuwa na asmini. Bibi mzaa mama aliileta kutoka Ujiji ikiwa kitawi kilichofungwa ndani ya kitambaa chenye maji, akampa mama siku alipoolewa. Ilikuwa imepanda ukuta mpaka kwenye bati la jiko, na shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Jioni harufu yake ilishinda harufu ya petroli, na hilo si jambo dogo katika nyumba ya fundi.

Watu wa mtaa walijua. Ikiwa kuna arusi kiangazi, walikuja kwetu na sinia. Desturi ilikuwa kwamba maua ya arusi hayauzwi wala hayakataliwi, na mama hakuwahi kukataa. Alichuma yeye mwenyewe alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba, akavitunga kwenye uzi kwa sindano ndefu.

Mwaka ambao mimi nilikuwa msichana mkubwa, baba aliamua kuoa mke wa pili. Sina la kusema juu ya sheria ya dini. Nina la kusema juu ya alivyofanya. Mama hakuambiwa na mumewe. Aliambiwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeingia uani alasiri moja na sinia kubwa la shaba kichwani, amevaa kitenge kipya.

"Wifi," alisema, "tunakuja kuchuma maua kidogo. Ya bibi-arusi."

"Bibi-arusi wa nani?" mama aliuliza.

Shangazi aliweka sinia chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. "Kaka hajakuambia?"

Mafundi waliacha nyundo. Nilimwona mmoja akijifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Kwa hiyo walijua. Gereji nzima ilijua, na watu hao hao walikuwa wakitawadha juu ya jiwe la mama, wanamsalimia shikamoo, wanakunywa chai yake. Niliona giza. Nilichukua lile sinia, nikalitupa nje ya lango, likalia barabarani.

"Maua ya hapa apana ya kutandikia kitanda ya huyo mwanamuke," nilisema.

Shangazi alinishika sikio. Nilimtazama mama, nikitegemea aseme neno moja tu. Alisema, "We mutoto, lete sinia ya shangazi yako. Kisha lete kiti, unishikilie."

Nikashika kiti. Mama alipanda, akachuma asmini yote. Hakubakiza hata kitumba kimoja. Kisha akaketi mkekani na sindano yake, akatunga mpaka jua likazama, na ule ulikuwa mtungo mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia zaidi ya nilivyomchukia baba, kwa sababu baba alikuwa ametutenda na yeye alikuwa anapamba.

Arusi ikapita. Wiki haijaisha, baba akahamisha gereji. Kiwanja cha mke mpya kilikuwa kikubwa zaidi, alisema, na kilikuwa karibu na barabara ya lami. Wakaondoka na vyuma, injini na mkokoteni. Wakaondoka na mapipa. Baba aliahidi kuja kwa zamu, na alikuja, siku zake, akala, akalala, akatawadha kwa kopo moja na kwenda zake. Jiwe la mama likakauka, likapata vumbi kama mawe mengine.

Zinia zilikufa kwanza. Rehani ikafuata. Asmini ilianza kuangusha majani ya chini, halafu ya katikati. Mimi nikachukua ndoo, nikaenda kwenye robine ya mtaa, nikapanga foleni na wanawake ambao walikuwa wamekwishapata habari zetu zote na walinitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko jua. Niliporudi na ndoo kichwani, mama aliipokea, akaipeleka moja kwa moja jikoni, akaimimina ndani ya mtungi.

"Mama, inakufa," nilisema.

"Naona."

"Basi niache niipe maji."

"Apana. Maua niliwapa," alisema. "Mugongo yako ya kubeba maji sitawapa."

Nilibisha. Nililia kwa hasira, nikamwambia kwamba anawaachia hata kilichotoka kwa mama yake mzazi. Mama alikuwa anachagua mchele, na aliendelea kuchagua.

Kisha siku moja ya zamu yake, baba akala vizuri, akafuta mdomo, akasema jambo ambalo mpaka leo sijui mtu hulipata wapi. Alisema mke wake mdogo ameipenda sana ile asmini ya arusi. Alisema kule gerejini maji ya udhu yanatiririka tu mpaka barabarani, ni hasara. Aliomba kitawi cha kupanda.

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kunawia, na namshukuru Mungu kwamba sikuwa nimeshika kitu kizito. Mama alimtazama kama anavyomtazama mwenye duka anayetaja bei.

"Zamu yako inayokuja," alisema, "utapata."

Zamu yake ilipofika, asubuhi mapema, nilisikia panga. Nilitoka nikamkuta mama amejifunga kanga kiunoni, anakata shina kwa chini. Matawi yaliporomoka kutoka kwenye bati kwa kishindo kikubwa. Kisha alichukua jembe akachimba, na mimi nilisimama pale mdomo wazi, kwa sababu mzizi ulipotoka nilitambua kwamba haujafa. Ulikuwa mweupe ndani, una maji. Mvua moja tu ingeuamsha, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima ya mashariki. Mama aliuona kama nilivyouona. Akaukata vipande vipande.

Alasiri baba alifika, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ana kitambaa kilicholoweshwa maji mkononi, tayari kwa kitawi chake. Mama alimkaribisha barazani, akamketisha mgongo wake ukielekea kona. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuua mtu. Mimi nilipepea, nikakohoa, machozi yakanitoka, na mara hii sikujali. Mama aliipeleka chai mwenyewe, ikiwa na tangawizi na sukari, kama alivyopenda.

Baba alikunywa kidogo, akakunja uso. "Mama watoto, hii chai iko na moshi."

"Kuni ilikuwa mubichi, baba watoto," mama alisema.

"Kuni gani hiyo? Si muko na makaa?"

Mama aliketi mbele yake, akakunja mikono. Baba alimtazama, akanitazama mimi mlangoni mwa jiko na macho yangu mekundu, ndipo akageuka nyuma. Aliliona jiwe. Aliliona shimo, na ukuta mtupu wenye alama ya asmini tangu chini hadi kwenye bati. Kile kitambaa cha maji kilikuwa kinadondoka juu ya kanzu yake na hakuwa na habari.

"Kunywa," mama alimwambia. "Ndiyo ile uliyoomba."

Akanywa. Mimi nilisimama pale mpaka alipoimaliza, kisha nikaenda kuchukua kikombe.