Mfarishi wa Maktaba

Mama yangu mdogo, mtaa mzima unamwita Rula. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hatoki nyumbani bila rula ya bati mkobani, na popote anapongoja zamu yake huitoa akapima kitu: upana wa benchi, kigae cha sakafu, hata kitabu ulichoshika ukizubaa. Ni mdogo wa mama yangu kwa miaka mitatu, na tofauti yao ni ya mbingu na ardhi. Mama alifundisha hesabu miaka thelathini, watu wakazoea kumwita Mwalimu, na mdomo wake haujawahi kukosa kazi. Rula ukimpa habari za asubuhi atakujibu, na hapo ameshamaliza maneno ya siku nzima.

Kazi yake ni mifarishi. Kitambaa chini, pamba katikati, na juu vipande vya miraba na pembetatu vilivyopangwa kwa akili mpaka jicho lako linatembea lenyewe. Maua na vipepeo hashoni, na mteja akiomba maua huelekezwa kwa upole duka la mapazia. Kila mfarishi huanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba midogo, kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Kisha hukata vipande, akavibana kwa pini kwenye shuka jeupe alilolipigilia misumari ukutani, akarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Nimemwona akihamisha kipande kimoja cha rangi ya haradali mara tisa kwa siku mbili, na mara ya tisa kikarudi pale pale kilipoanzia. Mimi nilikuwa nakwenda kwake kila Jumamosi kupiga pasi mishono. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yetu, maana hapakuwa na mtu wa kunihutubia.

Maktaba mpya ilipokaribia kufunguliwa, lilitoka tangazo kwamba wanataka kazi moja kubwa ya kitambaa ya kutundikwa ukutani, mlangoni kabisa, na chini yake kibao chenye jina la mbunifu. Rula alilisoma tangazo lile akalikunja akaliweka ndani ya daftari. Wiki sita akachora. Mwisho wake ulikuwa uwanja mpana wa kijivu, karibu mtupu, na upande wa kulia miraba mikubwa ya buluu ya wino ikivunjika kuwa miraba midogo, midogo ikishuka kuelekea chini, na katikati yao mmoja tu wa haradali. Nilimuuliza kwa nini sehemu kubwa ameiacha tupu. Akasema mtu anayeingia maktaba anahitaji mahali pa kupumzisha macho.

"Nataka jina langu liwe pale chini, mwanangu," akaongeza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema anataka kitu.

Tatizo lilikuwa moja. Michoro ilitakiwa kupelekwa na kuelezwa mbele ya watu watano. Rula akisimama mbele ya dirisha la ofisi tu, sauti humkimbia na viganja vikalowa. Mama akasema hilo lisimsumbue, yeye atakwenda kumsemea. Rula alimshika dada yake mikono miwili akamshukuru, na nakumbuka niliona fahari.

Fomu niliichapa mimi, maana mimi ni karani na kuchapa ndiyo kazi inayonilisha. Tulipofika penye jina la mbunifu, mama akaniambia niweke lake, kwa kuwa ndiye watakayempigia simu. Vidole vilisita. Kisha nikachapa, nikajiambia ni mambo ya simu tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mchoro wa Rula ukashinda. Rula alilia siku ile, akaniomba nimtengenezee chai yeye akae tu. Wiki mbili baadaye mama akamletea karatasi ya vipimo vipya. Alisema ukuta umeonekana mkubwa, kwa hiyo mfarishi uongezwe nusu zaidi kila upande, na mhandisi wa jengo ameshapiga hesabu zote. Rula hakuwa na shaka. Akakata.

Sasa, ili uelewe kilichotokea, lazima ujue jambo ambalo kila fundi nguo analijua. Kipande cha kitambaa kina sehemu inayoonekana na sehemu inayomezwa na mshono. Kwa Rula mshono humeza nusu sentimita kila upande, siku zote. Mraba wake mdogo, wa sentimita kumi na mbili, alikuwa ameuandika daftarini ukatwe kumi na tatu. Mkubwa, wa ishirini na nne, ukatwe ishirini na tano. Viwili vidogo vikishonwa pamoja vinalingana na kimoja kikubwa bila unywele kupita. Ukitaka kuukuza mfarishi, unakuza kile kinachoonekana, halafu ndiyo unaongeza cha mshono, ambacho hakikui. Karatasi ile ilikuwa imekuza vyote. Kumi na tatu imekuwa kumi na tisa na nusu, ishirini na tano imekuwa thelathini na saba na nusu. Kwa hesabu za darasani hakuna wa kukosoa.

Nilikuwa kwenye pasi Jumamosi aliyoanza kuunga vipande. Rula alishona viwili vidogo, akaviweka kando ya kikubwa, vidogo vikazidi kwa nusu sentimita. Akafumua, akashona tena. Vikazidi vile vile. Akatoa rula, akapima, akacheka peke yake.

"Huyu mhandisi hajawahi kushika sindano," akasema. "Yuko makini, lakini anazidisha mpaka sehemu ya mshono."

"Si mhandisi," nikaropoka. "Ni mama. Alishinda na hesabu hizo mezani Jumapili nzima."

Akaiweka rula mezani. Akaniuliza, bila kunitazama, kwa nini watu wa maktaba wampe Mwalimu kazi ya kupanga vipimo, wakati mwenye mchoro yupo na anajulikana alipo. Nikamweleza habari ya fomu, na jina nililochapa kwa vidole vyangu. Alisikiliza hadi mwisho huku akichomoa nyuzi kwenye kipande cha buluu, moja moja.

Jioni hiyo hiyo alikuja nyumbani kwetu na akakataa kiti. Mama hakukana. Alianza kwa ukali, kwamba wale watu watano walikuwa na maswali ya kila aina, je, yeye Rula angefungua mdomo mbele yao? Rula akasema hapana, asingefungua, ila alidhani ana dada. Hapo mama akalia kweli kweli. Akaapa kwamba siku ya ufunguzi atapewa kipaza sauti, naye atawaambia wote kazi ni ya nani, na kibao kitabadilishwa.

Rula akanigeukia mimi. "Asiposema, mwanangu, utasimama useme?"

"Nitasimama, mamdogo," nikamjibu.

Alirudi kushona. Vipande vyote alivipunguza vikalingana na vipimo alivyokokotoa mwenyewe, na kitambaa cha kuongezea uwanja alikitafuta duka baada ya duka mpaka akapata kijivu kile kile. Miezi miwili alipitisha mistari ya uzi juu ya matabaka matatu, kati ya mstari na mstari upana wa kidole, mpaka shingo ikagoma kugeuka kushoto. Nilimwambia angeweza kuulipua tu, amalize haraka. Akasema kitambaa hakijamkosea.

Siku ya ufunguzi alivaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona, akaketi safu ya pili, mikono juu ya mapaja. Mfarishi ulikuwa mbele yetu, umenyooka kama ukuta wenyewe, na watu waliingia wakasimama kuutazama kabla ya kutafuta viti. Kibao kilikuwa na jina la mama. Nilijua bado hakijabadilishwa, nikawa nangojea hotuba.

Mama alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alizungumzia miraba, uwiano, uzuri wa hesabu, na lile eneo tupu ambalo alisema aliliacha ili msomaji apumzishe macho. Mwishoni akasema, "Namshukuru pia mdogo wangu, aliyenisaidia kushona." Akaonyesha safu ya pili kwa kiganja, na watu wote wakageuka kumtazama Rula kwa tabasamu.

Rula hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Nilikuwa safu moja nyuma yake, kando kidogo, kwa hiyo ilimlazimu ageuze mwili mzima kwa sababu ya ile shingo. Miguu yangu ilikuwa mizima. Mkuu wangu wa kazi alikuwa viti vitatu pembeni, na mama yangu mzazi alikuwa juu ya jukwaa akifuta machozi ya furaha. Makofi yalipoanza, na mimi nikapiga.

Nilikaa majuma matatu bila kwenda kwake. Mama naye hakwenda, alisema Rula atapoa, tangu utotoni hununa na kupoa. Jumamosi ya nne nikajikaza, nikaenda saa ile ile niliyozoea, nikiwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima.

Nilikuta pasi imeshakuwa ya moto na mishono yote imeshanyooshwa. Rula aliinuka nilipoingia. Alivuta kile kiti cha wateja, akakipangusa vumbi kwa khanga, akakiweka mbele ya meza kwa adabu zake zote.

"Karibu, binti wa Mwalimu," akasema. "Umeleta kitambaa, au nikuonyeshe vilivyopo?"