Ng'ombe wa Akinyi na kuku wangu

Leo nimemfanya mtu achinje ng'ombe wake wote, halafu yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Ni ng'ombe wa gemu, tulieni.

Ile seva yetu ya kuishi porini, ninayoiendesha kutoka hapa mtaani Landless, imekwama wiki nzima. Unapiga mti shoka, nao unaanguka ukishasahau.

Mimi, fundi wa kujifundisha, nikatangaza kwenye grupu: wanyama wamezidi, wanailemea seva. Akinyi wa Kiuu ana ng'ombe arobaini, wachinjwe.

Amewafuga tangu mwaka jana. Kila mmoja ana jina.

"Admin, hata Dorcas?"

"Hata Dorcas. Ni kwa faida ya wote."

Akawamaliza mmoja mmoja, sisi tukitazama.

Seva ikakwama vilevile. Nikawaambia inahitaji dakika kumi itulie, nikaenda kupima kinachoilemea. Kupima ndiko nilikopaswa kuanza nako, najua.

Shida ilikuwa chini ya nyumba yangu ya humo kwenye gemu. Mashine yangu ya kuangua vifaranga, niliyoiwasha nikaisahau. Kuku elfu tatu kwenye shimo moja.

Nikawafuta kimya kimya. Seva ikateleza kama mafuta.

"Admin uko juu!"

"Kumbe ni ng'ombe tu!"

Akinyi naye: "Poleni wasee, sikujua nawaharibia."

Nikamjibu, "Usijali." Ndiyo, niliandika hivyo.

Akinyi, walikuwa kuku wangu. Naweza kukupa ng'ombe arobaini sasa hivi, lakini hakuna atakayekuwa Dorcas.

Wengine nitukaneni hapa chini. Ila mngojeni Akinyi aanze.