Vitabu vya Kupukuchulia Mahindi

Siku ile ghalani tulikuwa saba. Karani wa stoo alikalia debe lililogeuzwa, kitabu magotini. Nyapara alikuwa karibu na mlango, mahali pa kuona nani anaingia na nani anatoroka. Mwendesha plau, aliyelima na marehemu baba miaka mingi nyuma ya ng'ombe wale wale, aliegemea magunia. Mama jirani, Mnandi wa upande wa Kapseret, alikuwa amekuja na kibuyu chake cha maziwa lala. Kisha tulikuwapo sisi watatu wa nyumba moja: mdogo wangu wa kiume, mdogo wangu wa kike, na mimi mkubwa wao. Nawataja wote mwanzoni ili ujue kwamba kitabu, enzi hizo, kilikuwa na watu mbele yake.

Vitabu hivi nilivyoletewa juzijuzi havina mtu. Macho yangu yameingia ukungu, na mjukuu wangu, kwa huruma, amejaza simu vitabu vya kusikiliza na kunitia vidude masikioni. Nimevisikiliza mwezi mzima nikichambua mboga. Wewe ni rafiki wa siku nyingi, utanivumilia nikikwambia nilivyoviona, maana mjukuu hataki kusikia.

Cha kwanza ni cha mapenzi. Kinasomwa na mwanamume, na kila msichana wa kitabuni anapofungua mdomo, bwana huyu anabana koo kama mbuzi aliyenaswa na mlango. Msichana alipofiwa na mchumba wake nilicheka mpaka nikadondosha kisu. Cha pili ni cha kututajirisha. Siri ya utajiri, kinasema, ni kuamka saa kumi alfajiri. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilichopata ni miguu ya baridi na maziwa ya watu wengine. Kuna cha mhubiri mmoja anayesoma maisha yake mwenyewe na kucheka mizaha yake kabla hajaifikisha. Kuna cha mauaji kilichojaa muziki. Muziki unaanza kulia kabla maiti haijapatikana. Kibaya kuliko vyote ni cha historia ya nyanda zetu. Msomaji analitamka jina la Sugoi kama mtu aliyeweka dawa chungu ulimini, na anasema kwamba mashamba ya hapa "yalianzishwa." Labda yalianzishwa na upepo. Baba yangu aling'oa visiki vya mashamba hayo, na kitabu kizima hakina kisiki hata kimoja.

Mjukuu akasema, "Si ubonyeze tu hapa, Nyanya. Atanyamaza."

Nimebonyeza. Ananyamaza, lakini yeye hajui kwamba amenyamazishwa. Kesho atasoma vile vile, kwa madaha yale yale. Sisi tulikuwa na njia ya kumjulisha msomaji.

Shamba letu lilikuwa kwenye njia ya kutoka Soy kwenda mjini, Eldoret, ambao wakubwa waliuita Sisibo. Mwenyewe alikuwa Kaburu mwenye ngano, mahindi na pareto, na sisi tuliishi laini, safu mbili za vibanda vya nyasi nyuma ya miti ya miwati. Mwezi wa saba baridi ilitufanya tulale na mbuzi. Ukiamka, nywele zinanuka moshi na mbuzi, na ugali wa asubuhi, kiporo kilichochomwa makaani mpaka kikapata ganda, ulikuwa mtamu kuliko keki zote nilizolishwa harusini tangu wakati huo.

Desturi ya Jumapili ilikuwa hivi. Baada ya sala, karani alileta ghalani mahindi ya shamba lake mwenyewe, akakaa juu ya debe na kufungua kitabu. Yeye alisoma na sisi tulipukuchua. Mdomo wake ulilipwa na vidole vyetu. Akinyamaza kunywa chai, vidole vinapumzika. Akiendelea, punje zinaanza tena kudondoka kwenye karai, na ghala zima linasikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa njia hiyo hakuwahi kupukuchua gunia lake hata moja, na sisi tulipata vitabu. Vidole vyetu vilikuwa vikivimba kwa ajili ya maneno, na kwa hiyo tuliyapima.

Mengi hayakustahili hata gunzi. Karani alikuwa na kitabu cha usafi kilichotuagiza tuchemshe maji yote ya kunywa. Aliyekiandika hakuwahi kukamatwa akikata kuni kwenye miwati ya Kaburu. Alikuwa na hadithi ya mtumishi mtiifu aliyepigwa na bwana wake kila siku, akavumilia, akaachiwa saa ya mfukoni. Mwendesha plau aliuliza kama saa yenyewe ilikuwa inatembea. Karani akasema kitabu hakikueleza. Mwendesha plau akasema basi haikuwa inatembea. Kulikuwa pia na kitabu cha kutunza farasi, na hicho, usicheke, ndicho kilichokuwa bora, kwa sababu mwandishi wake alimpenda farasi. Yule wa mtumishi hakumpenda mtu yeyote.

Karani mwenyewe alisoma vibaya. Kidole chake kilitambaa chini ya mstari, na mstari ulipokwisha alivuta pumzi, hata kama maneno yalikuwa katikati ya jambo. "Farasi mgonjwa apewe," pumzi, "maji ya uvuguvugu." Wadogo zangu walimwigiza nyumbani: "Dada, naomba," pumzi, "chumvi." Lakini mara nyingine pumzi zile zilipotea, maneno yakateremka kama maji mtaroni, na kidole kikasimama pale pale. Hapo yule mtumishi mtiifu angeanza ghafla kuonya watu wasichote posho ya ziada stoo. Kwa miaka miwili ya kupukuchua nilijifunza maneno yapi ni ya kitabu na yapi ni ya karani. Sikumwambia mtu. Niliona kila mwenye masikio anajua.

Wakati huo baba alikuwa ameshafariki, na mama alimfuata kabla mahindi hayajakauka. Niliacha shule darasa la tatu nikaingia pareto. Kibanda cha laini ni cha mwenye kazi, na msichana wa kuchuma pareto hakuhesabiwa kuwa mwenye kazi. Nyapara alituvumilia. Karani hakutaka kutuvumilia, kwa kuwa shemeji yake alikuwa amefika kutafuta kazi, akilala jikoni kwake kati ya kuku na sufuria, na kila jioni shemeji huyo alikuja kukizunguka kibanda chetu, akigonga nguzo kwa kiatu kama mtu anayenunua ng'ombe. Tukitolewa pale, tungegawanywa kwa watu kama vikombe vya marehemu. Mama alikuwa ameniambia neno moja tu la mwisho, kwamba jiko moja. Nililielewa: tusitenganishwe.

Nilimwandikia baba mdogo, aliyekuwa kwetu magharibi, nikimwomba atusaidie. Ndugu huyo hakuwa kitu cha kujivunia, lakini hatukuwa na mwingine. Jibu lilipofika, mwendesha plau ndiye aliyekuwa ametumwa mjini kuleta mfuko wa posta, akanidokezea kwamba barua yetu imo. Hivyo karani hangeweza kuificha. Na barua zote zilisomwa Jumapili, kabla ya kitabu, mbele ya watu. Ndivyo tulivyojua nani kazaliwa wapi na ng'ombe wa nani hajafika kwa wakwe.

Jumapili ile ya watu saba, karani akaifungua. Akaanza na salamu, kwa pumzi zake. "Kwa watoto wa kaka yangu, natumaini," pumzi, "hamjambo nyote, sisi huku," pumzi, "tunamshukuru Mungu." Kisha kidole kikasimama na maneno yakaanza kuteremka. Baba mdogo anasema mvulana apelekwe misheni. Mdogo wa kike apelekwe mjini akashike mtoto wa watu. Mkubwa ameshakuwa mwanamke, aolewe. Kibanda kirudishwe mwisho wa mwezi.

Mdogo wangu wa kiume aliacha gunzi likaanguka. Yule wa kike alinishika nguo. Watu wakasikitika kama wanavyosikitika watu, huku vidole vikiendelea. Punje zilikuwa zikidondoka, nami nilikuwa nikisikiliza mahali ambapo pumzi ingepaswa kuwa.

Nikasema, "Soma tena, Karani."

"Umekuwa mwalimu lini, wewe msichana?"

"Sijakuwa. Soma tena tu."

Alisoma tena, kwa hasira, na hapo akakosea kama wakoseavyo wote wasemao ambacho hakikuandikwa. Safari hii mvulana alikwenda kwa shangazi. Kibanda kilirudishwa kabla ya mvua.

Mama jirani alisukuma karai lake mbele. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyejua herufi hata moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha shambani kama chetu. "Barua ni moja, Karani," akasema. "Mbona imetoka na nguo mbili?"

Akaweka mikono yake mapajani. Mwendesha plau akaweka yake. Mimi na wadogo zangu tukaweka. Hata nyapara, ambaye alipukuchua kwa kujifurahisha tu, aliangusha gunzi na kupangusa viganja. Sijasikia tena kimya kama kile. Ghala lililokuwa likinguruma likawa na sauti ya kuku wa nje tu, na karani juu ya debe lake akaonekana mdogo kama mtu aliyeachwa na gari.

Mama jirani aliichomoa barua mkononi mwake akanipa mimi. Karani akacheka. "Haya, asome. Darasa la tatu."

Nilijua herufi za chapa. Mwandiko wa kuunganisha sikuujua, na ule wa baba mdogo ulilala upande kama miwati wakati wa upepo. Nilianza kwenye salamu, ambazo nilishazisikia, ili nijue herufi zake zinafananaje. Kisha nikaenda neno kwa neno. Neno moja lilinichukua muda wa kuchemsha chai. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyepukuchua. Mdogo wangu wa kike alisinzia magotini kwangu, akaamka, nikawa bado niko mstari ule ule. Jua lilikuwa limefika kizingitini nilipomaliza, na nikasoma yote kwa mfululizo, kwa pumzi kila mstari ulipokwisha, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusoma:

"Msitawanyike. Nitakuja," pumzi, "baada ya mavuno kushika kazi ya," pumzi, "kaka yangu. Karani amwambie mzungu."

Karani alisema maandishi yale hayasomeki, mtu yeyote angekosea. Nyapara alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Mimi nimesikia. Kesho nitamwambia Kaburu." Akamwambia. Tukabaki.

Baba mdogo alikuja kweli baada ya mavuno. Alikuwa mvivu, mlevi wa busaa, na plau ilimshinda mara tatu kwa wiki. Lakini jina lake lilikaa kwenye daftari la shamba, na chini ya jina hilo niliwalea wadogo zangu mpaka mmoja akawa fundi wa cherehani na mwingine mwalimu. Jiko moja.

Karani hakutusomea tena. Alipukuchua mahindi yake na mke wake, kimya, mlango umefungwa, na kusema kweli ilinipendeza kupita pale. Lakini Jumapili zikawa ndefu. Baada ya mwezi mmoja mama jirani alikuja kwetu na kitu ndani ya kanga. Alikuwa amekwenda mjini kwa miguu na maziwa yake, akayabadilisha na kitabu kwenye duka la Mhindi. Alikichagua kwa unene.

"Wewe ndiye uliyemfunga karani mdomo," akaniambia. "Sasa mimi nisomewe na nani?"

Tulikuwa na bahati isiyo ya kawaida, kwa sababu kilikuwa kitabu kizuri. Kilihusu mkunga aliyeshtakiwa kwamba alibadilisha watoto wawili usiku wa kuzaliwa kwao. Nilikisoma polepole sana, Jumapili moja kurasa mbili, Jumapili nyingine ukurasa mmoja. Mama jirani alinipukuchulia mahindi yangu, ingawa nilimkataza, akabishana na kila shahidi. "Huyo ni mwongo, geuza." Alinitaka niahidi kwamba sitasoma mbele bila yeye. Niliahidi. Mtu aliyekuweka pamoja na ndugu zako ana haki ya kukuomba hilo.

Tulikuwa tumefika siku ya hukumu, hakimu amesimama, shamba lilipouzwa. Wenye ng'ombe waliamriwa kuondoka kwanza. Aliondoka asubuhi moja ya umande na mitamba yake minne kuelekea Kapseret, akaniambia nikitunze, tutamalizia. Sisi tulihamishiwa shamba jingine, kisha jingine. Nilipopata miguu ya kwenda kumtafuta, nilionyeshwa kaburi lake, limeshaota majani, na binti yake akanikaribisha maziwa.

Laini zile zimelimwa, na penye ghala pana kituo cha petroli. Hakuna tena anayesomewa na mtu anayemwona. Kitabu ninacho. Wadogo zangu walinisihi miaka mingi nikimalize, mjukuu amejitolea kunisomea, na hata amekitafuta kwenye simu yake na kukikosa, jambo ambalo nililifurahia. Nimekataa. Kurasa tisini na mbili ninazodaiwa ni za mama jirani, na sijui bado jinsi ya kumfikishia. Mpaka leo sijui kama yule mkunga aliachiliwa.