Sauti Aliyoibana Mwenyewe

Fundi Sikio hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Wenzake wa redioni walimbandika kwa kero zake: ukikohoa chumba cha tatu, anasimamisha kurekodi, kiti chako kikilia, anakutoa nje. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya kioo akirekodi kwaya, na hakuna aliyewahi kumdanganya kuhusu sauti.

Sasa ana chumba chake cha kurekodia nyuma ya nyumba, na wateja wanamkimbia kama ana ukoma. Si kwamba kazi yake mbovu. Ni nzuri mno, ndiyo balaa lenyewe! Watu wamezoea muziki wa simu, uliobanwa ukawa mdogo ili upite haraka, na katika kubanwa vinatupwa vingi: pumzi ya mwimbaji, uzito wa ngoma, mwangwi wa chumba. Wape muziki mzima, wanakunja uso. Juzi mwanakwaya mmoja alimwambia, kistaarabu kabisa, kwamba kazi yake imepoa, akaenda kurekodi kwa simu ya mjomba wake. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaa rohoni ni la binti yake.

Mkewe alikuwa mwimbaji. Akiwa na mimba ya miezi minane alisimama mbele ya maikrofoni moja, akamwimbia mtoto wimbo wa kumbembeleza, na Sikio akaunasa kwenye utepe. Mtoto alipotimiza miaka miwili, mama akafariki. Msibani ndugu waliomba sauti ya marehemu, kila mtu kwenye simu yake. Simu za wakati ule zilikuwa hazibebi kitu. Basi fundi mzima, na ubishi wake wote, akaubana wimbo mpaka ukawa punje, akawagawia. Akajiambia kwamba mtoto akikua atamsikilizisha wenyewe, kwa spika za maana. Lakini kila spika aliyoipata aliitoa kasoro, akasubiri nyingine. Huo ndio ujinga wa mafundi, jamani. Mtoto akalala na simu sikioni miaka kumi na saba.

Wiki hiyo binti alikuwa anasafiri kwenda kusoma mbali, miaka minne. Sikio hakuwa tena na muda wa kuringa. Jumatano mchana alisafisha mashine kwa spiriti, akaupitisha utepe taratibu, akamketisha binti katikati ya spika mbili. Alitaka jambo moja tu: mtoto aondoke anamjua mama yake.

Mkewe akavuta pumzi, akaanza kuimba. Alikuwa mle chumbani mzima mzima, ungesema ukinyoosha mkono unamgusa. Sikio alilia bila aibu.

Binti alisikiliza beti mbili, kichwa ameinamisha. Kisha akauliza, kwa upole, huyu ni nani.

"Mama yako, mwanangu. Ndiye huyu."

"Hapana, baba. Mama ana sauti nyembamba, kama anaimbia ndani ya kopo. Huyu ni mtu mwingine, tena yuko karibu mno." Akameza mate. "Zima, tafadhali. Nikimsikiliza huyu, wangu atanipotea."

Akazima. Angefanya nini?

Kesho yake alimwita shemeji yake, dada wa marehemu; wawili hao walilala kitanda kimoja utotoni. Shemeji alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuutunza. Halafu akasema asamehewe, lakini ile ya kwenye simu ndiyo inayomkumbusha dada yake hasa. Sikio alihisi amezika mara ya pili. Mwanamke aliyeishi naye alikuwa amebaki kujulikana na mtu mmoja tu duniani, mzee wa miaka sitini na moja ambaye sikio lake la kushoto limeanza kugoma.

Jumamosi binti alimkumbatia mlangoni, mkoba begani, visikizi masikioni. Kwa kuwa alimkumbatia kwa nguvu, Sikio aliisikia ile sauti ikivuja, kali, nyembamba, kama mbu.

"Na mama anakuaga, baba," binti akasema.

Sikio alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwambie safari njema," akajibu.